Bati, Bando na Friji la Mangi

Nisikilizeni nyie, maana humu ndani wameshagoma kunisikiliza. Saa nane mchana, Nkuhungu hapa Dodoma, chumba na sebule, juu bati tupu, dari hakuna. Mwenye nyumba aliahidi ataiweka dari mambo yakikaa sawa. Mambo yakakaa sawa, akanunua bodaboda. Mimi nipo chini ya bati nachomeka kama mhindi, ila mhindi wenyewe angalau unageuzwa.

Halafu anatokea mtu wa Dar: "Ah, nyie Dodoma joto lenu kavu, halina shida." Kavu ndiyo! Dar jasho linakumwagika, hata jirani anakuona na kukuonea huruma. Huku linakauka kabla hujaliona, unabaki na chumvi shingoni na midomo iliyopasuka kama shamba. Oktoba ndiyo usiseme: jua linatupita utosini likielekea kusini, mvua zenyewe mpaka Desemba, na katikati hapo ni upepo na vumbi. Mwaka 2018 tukatangazwa kuwa jiji. Vumbi halikupata barua.

Sasa mtu umeshindwa kutoka nje, unafanyaje? Unashika simu. Yaani unakimbia moto unaingia jikoni.

Zamani Facebook ilikuwa kama barazani. Unafungua, unamkuta mtoto wa shangazi kaegemea gari la watu na miwani ya kuazima, unamwandikia "umetoka bomba", unafunga, unaendelea na maisha. Siku hizi nafungua nakutana na jamaa anaosha mazulia. Simjui, hanijui, sijui hata yuko nchi gani. Nimemwangalia dakika arobaini. Bando la wiki nzima limeishia kwenye zulia, na mimi kwangu natandika mkeka.

Twitter nayo tangu Julai 2023 inaitwa X. Kale kandege kakafukuzwa, ikawekwa alama ambayo sisi tuliosahihishiwa madaftari kwa kalamu nyekundu tunaijua maana yake. Kila nikiiona nahisi nimekosa swali.

WhatsApp wao wameniletea kiduara cha kuongea na mashine. Nikasema haya, tusaidiane: mvua Dodoma lini? Ikanijibu aya sita, ikamalizia kwa kunishauri nivae nguo nyepesi. Ndugu yangu, wakati nauliza nilikuwa na kaptula peke yake. Nipunguze nini tena?

Basi juzi simu ikaandika kwamba imepata joto sana, haitaingiza chaji mpaka ipoe. Nikaisoma mara mbili. Mimi nimepata joto tangu nihamie nyumba hii, nani kaniandikia? Lakini nikaionea huruma, nikaigeuzia feni. Mama Neema akaingia.

"Baba Neema, mtoto kajaa vipele vya joto, feni unampulizia nani?"

Swali gumu. Nikachukua simu yangu, nikaenda dukani kwa Mangi, nikamwomba aniwekee kwenye friji dakika tano tu. Akaipanga vizuri katikati ya soda na maji ya kandoro, kama bidhaa nyingine yoyote. Nikakaa kwenye kreti kungoja. Kosa. Pale kwenye kreti kuna watu wawili wa Yanga na mmoja wa Simba, na nyie mnajua dakika tano za hapo zina urefu gani. Ilipita saa nzima, nikashtushwa na katoto kalikotumwa soda:

"Mangi, soda inaita!"

Ikatolewa ya baridi kama samaki wa kufungashiwa. Ilipokutana na lile joto la nje ikaanza kutoka jasho, kioo kizima ukungu, sawasawa na chupa ya soda inavyofanya. Jasho likaingia mpaka kwenye spika. Tangu hapo kila anayepiga anasikika kama kaingia ndani ya pipa. Voisi ya shemeji nimeisikiliza mara tatu, nimeambulia neno "laki" tu. Kwa hilo sikulalamika sana.

Usiku sasa. Kitu kimoja cha kuisifia Dodoma ni usiku. Tuko juu huku, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, jua likizama hewa inapoa mpaka unatafuta shuka. Na bati nalo linapoa. Likipoa linajikunyata, linalia: ta! Ta-ta! Ta!

Mimi nimelala nusu, nimeamka nusu, simu iko mkononi. Nikaandika kwenye stetasi: "MVUA HIYOOO! Nkuhungu tumekumbukwa!" Nikaitupia na kwenye grupu la mtaa. Mtaa wetu maji ya bomba yanakuja kwa zamu, kwa hiyo nadhani mnaelewa nilichokianzisha. Milango ikafunguka. Nikasikia ndoo, nikasikia masufuria, nikasikia mzee wa nyumba ya tatu anaburuza pipa kwenye kokoto saa saba za usiku.

"Baba Neema," ikasema sauti gizani, "hilo ni bati."

Nikafuta haraka. Kabla sijafuta nikachungulia waliokwisha kuona: watu kumi na tisa, na wa kwanza kabisa ni mama mkwe, yuko Kongwa. Yule mama halali?

Saa kumi na moja alfajiri simu ikaita. Ile sauti ya ndani ya pipa.

"Baba Neema, nimeona mvua imeanza huko. Nimeshatoa mbegu za uwele, vijana wako shambani wanaanza kupanda."

Nikasema, "Shikamoo mama. Haloo? Haloo? Mama, mtandao huku unasumbua."