Pasta Mwizi wa Kibuye

Kulikuwa na padri mmoja Mjesuti, William O'Malley, mwalimu huko Marekani, aliyeigiza katika filamu ya kutisha ya The Exorcist ya mwaka 1973. Alipewa kuigiza nani? Padri. Mimi ni pasta wa kanisa la mabati mtaani Manyatta, Kisumu, na vijana wangu walipoanza kutengeneza filamu yao, walinipa niigize mwizi wa mikoba.

"Sura yako inafaa, pasta," dairekta akaniambia. Huyo dairekta ndiye mpiga kinanda wetu. Nikamuuliza inafaa kivipi, akajifanya anakaza waya wa maikrofoni.

Nilikubali kwa sababu moja tu: mwisho wa filamu, mwizi anaokoka. Sehemu hiyo ingerekodiwa siku ya mwisho.

Jumapili baada ya ibada tukashuka sokoni Kibuye. Anayeijua Kibuye anajua Jumapili ndiyo siku yake. Mitumba imemwagwa hadi barabarani, mafundi wa jua kali wanagonga masufuria, omena harufu mpaka kwenye nguo, na wewe huna pa kuweka mguu. Dairekta alitaka mambo yaonekane ya kweli, basi kamera ikafichwa ndani ya katoni juu ya mkokoteni uliokuwa umeegeshwa, na hakuna mtu sokoni aliyeambiwa lolote. Nikavua koti la mahubiri, nikavaa kofia ya sufu hadi kwenye nyusi. Dada mmoja wa kwaya akapita na mkoba mwekundu, nikaunyakua, nikatimua mbio kama tulivyofanya mazoezini.

Mazoezini hakukuwa na mtu wa kupiga kelele "Jakuo!", yaani mwizi kwa Kijaluo.

Kisumu, neno hilo halisubiri kurudiwa. Wauza viatu walisimama wote kwa pamoja. Fundi mmoja aliacha sufuria lakini nyundo hakuiacha. Nyundo hiyo naikumbuka hadi leo: mpini wake ulifungwa mpira wa tairi ya baiskeli, pengine isimteleze.

Nikasimama, mikono juu. "Ndugu zangu, tunaigiza! Hii ni filamu!"

"Kamera iko wapi?"

Nikaonyesha mkokoteni kwa kidole. Hakukuwa na mkokoteni. Mwenyewe alikuwa amepata mteja wa viazi, akaondoka na katoni, kamera ndani, na dairekta wangu akimfukuzia nyuma huku ameshika kiatu kimoja mkononi.

Hapo mama muuza omena, mshirika wangu wa miaka mingi, akajitosa kunitetea. "Mwacheni jamani! Huyo ni pasta wetu!"

Soko likanyamaza kidogo. Kisha sauti ikatoka nyuma: "Pasta? Kwani sadaka haitoshi?"

Kofi nililopigwa sikuona lilikotokea. Yule O'Malley naye alizabwa kofi na dairekta wake, William Friedkin, kabla ya kurekodi pale anapomwombea mtu anayekata roho, ili atetemeke kwelikweli. Basi nami nilitetemeka kwelikweli, ila mwenzangu alikuwa na kamera mbele yake.

Kilichoniokoa ni mkoba. Waliufungua wakakuta magazeti ya zamani tuliyoujazia na kitabu cha nyimbo kisicho na jalada. Fundi akayageuza magazeti yale kwa ncha ya nyundo, akanitazama kwa huruma. "Mwizi gani huyu," akasema, akarudi kwa sufuria yake.

Kamera tuliipata Kondele jioni, chini ya gunia. Ilikuwa na viazi vingi sana, na sekunde sita safi za mimi nikinyakua mkoba. Pesa za kuikodi tena hatukuwa nazo, kwa hivyo mwizi wangu hajaokoka mpaka leo. Zile sekunde sita, lakini, zilishafika kwenye kila simu ya Manyatta kabla ya Jumatano.

Jumapili iliyofuata nikawaambia washirika tufumbe macho tuombe. Katikati ya maombi nikachungulia. Mama wa omena alikuwa amefumba jicho moja, na kamba ya mkoba ameizungusha mkononi mara tatu.