Nimelipa kiingilio nikalinde kiti

Hivi nyie mnaoendaga kwenye muziki wa live mnakaaga wapi? Nauliza kwa nia njema kabisa, maana mi Jumamosi nimetoa elfu kumi yangu getini kwenda kuwaona Msondo Ngoma, bendi niliyoipenda toka enzi za marehemu baba kunituma betri za redio, na nilichofanya usiku mzima ni ulinzi. Nimelinda kiti. Cha plastiki, zamani kilikuwa cheupe, mguu mmoja umefungwa waya.

Tangazo liliandikwa saa 12 jioni. Sa mi mtu wa Mbagala, foleni ya Kilwa Road naijua inavyoua, nikasema nitoke mapema saa 10, si ndo siku hiyo barabara ikawa nyeupe kama asubuhi ya Idi! Saa 11 kasoro nipo getini mimi, paka, na mama wa mishikaki anapepea mkaa. Baunsa akaniangalia juu mpaka chini akasema mzee wangu muziki ni usiku. Mzee! Nina miaka 47, hizi mvi ni stresi za kodi.

Basi nikaingia nikachagua kiti mbele kabisa, usawa wa pale wanaposimama wapuliza tarumbeta na mdomo wa bata, yaani saksafoni, maana mi bila mdomo wa bata muziki wa dansi siuelewi, naona kama wali bila mchuzi. Uwanja wenyewe ni baa ya wazi upande wa Temeke, jina nalihifadhi, juu mbingu chini mchanga, steji tu ndo imeezekwa bati.

Saa 1 hivi akaja jirani yangu. Huyu mtu ni Sikinde damu, yaani shabiki wa Mlimani Park, watani wetu Msondo, sijui hata kwa nini namuaga nikitaka kutoka. Kafika tu, kavuta kiti pembeni yangu, eti "nimekuja kuangalia watoto wetu wanaendeleaje". Watoto? Nikamwambia we ndugu yangu, Msondo imeanza 1964 ikiitwa NUTA Jazz, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, yaani kila chama cha wafanyakazi kikibadili jina na bendi inabadili, nyie Mlimani Park mmezaliwa 1978, mtoto hapo nani? Akacheka, "na aliyekuja kutuanzishia si Gurumo wenu?" Kweli bana, Mzee Gurumo, yule mwimbaji, Mungu amrehemu, alitoka kwetu akaenda kwao mwaka huo huo. Nikamuuliza na uzeeni alirudi kuimba wapi? Jamaa akageuka akaita mhudumu, akaagiza supu.

Saa 2 umeme ukakatika. Jenereta lipo, mafuta hayapo. Kijana katumwa na kidumu na bodaboda, kaenda moja kwa moja, sijui kayafuata kisimani. Wanamuziki wenyewe walishafika zamani wamekaa na mashati yao ya sare wanatutazama na sisi tunawatazama, kama posa imekwama kwenye mahari. Hapo ndo watu wakaanza kumiminika, na hapo ndo shughuli yangu ilipoanza, maana jirani kaniambia niangalizie kiti nakuja, kaondoka. Sasa nina viti viwili na makalio mamoja.

"Kaka, hapa kuna mtu?" Yupo, kaenda kujisaidia. "Baba, hapa kuna mtu?" Yupo. "Anko samahani, hiki..." Yupo! Mpaka dada mmoja aliyerudi mara ya tatu akaniambia huyo mtu wako kama anaharisha si mumpeleke hospitali tu jamani. Meza nzima ikacheka. Mi mwenyewe nilikuwa nimeshakunywa soda mbili na nimebanwa balaa, ila niende wapi? Mwishowe nikaweka kofia yangu kwenye kimoja, kizibao kwenye kingine, nikatoka mbio. Nimerudi, kofia nimeikuta kichwani kwa mtu na mtu kwenye kiti. Namwambia kaka hiyo kofia yangu, akanivulia kwa heshima zote, kiti hakuongelea kabisa. Nikakimbilia kile cha mguu wa waya. Jirani aliporudi akanilaumu eti nimemuangusha. Akakaa kwenye kreti la soda usiku mzima ananinunia kana kwamba nimemla hela ya kijumbe.

Saa 3 na nusu taa zikawaka. Alo, alo, moja mbili, alo. Moja mbili. Huyu fundi mitambo tatu hazijui? Halafu tumba zikaanza taratibu, besi ikaingia, gita la solo likapita juu yake kama mtu anapita uani kwa watu kwa adabu, na zile tarumbeta na mdomo wa bata zikalia kwa pamoja, wallahi nilisahau soda, jenereta, kodi, nikasahau hata kwamba sijaaga vizuri nyumbani. Kwenye simu ule muziki unausikia masikioni. Pale unakupiga hapa kifuani unarudi mgongoni. Mzee mmoja mbele yangu alikuwa anafuta macho na leso, sijui moshi wa mishikaki, sijui nini.

Tatizo la dansi, wimbo ukiwa polepole mnakaa mnasikiliza kisa cha watu na ndoa zao, ukija kuchemka uwanja mzima unanyanyuka. Na mi nikinyanyuka kiti kwaheri. Nikacheza mkono mmoja nimeshika egemeo, nazunguka hapo hapo kama mbuzi wa kamba. Mbele yangu kijana kanyanyua simu anarekodi, steji siioni, ikabidi niwaangalie Msondo kwenye simu yake, solo imenoga, chaji ikamuishia, na mimi ikawa imeniishia. Kuna mwingine alipanda kumtunza mwimbaji, kambandika elfu kumi kwenye paji la uso, halafu akabaki kasimama pale pale. Kumbe anasubiri elfu nane yake!

Saa 6 ikashuka mvua. Ile ya Dar haina hodi, inamwagwa kama maji ya ukoko. Watu wakatawanyika, wajanja wakabeba viti wakajifunika vichwani, na mimi changu nikakigeuza miguu juu nikakivaa. Bendi chini ya bati haina habari, ndo kwanza wanachochea. Nikagundua kitu: sasa hivi kiti ninacho NA mikono yangu naitumia. Weee! Nilicheza mi. Nimecheza kwenye tope, kiatu kimoja kimeenda na maji, jirani yangu wa Sikinde kaja na kreti lake kichwani tukacheza mabega kwa mabega, nikamwambia watoto hawajambo? Akasema "usinisemeshe, sikiliza solo".

Mvua ilipokata ilikuwa saa 8 kasoro, nikaanza safari ya kutafuta bajaji. Baunsa yule yule kanisimamisha getini. "Mzee wangu, na kiti hicho?" Kumbe bado nimekivaa. Aibu niliyoipata. Nikarudi nacho ndani mguu mmoja peku, nikakiweka pale pale nilipokitoa, mkono sijautoa kwenye egemeo kuna kijana kashakaa, "asante sana baba, nilikuwa nakitafuta toka saa 2."