Pesa ya Kukarabati Studio Ianzie Kwenye Kabati

Ukikodi fremu ya duka na kutangaza kwamba unafungua studio ya picha za harusi, ushauri wa kwanza utakaoupata ni ukuta wa maua. Wa pili ni taa za neoni zenye maneno ya mapenzi, na wa tatu ni sofa la mahameli la kupigia picha. Nimeusikia ushauri huo kwa mafundi, kwa wapiga picha wenzangu, hata kwa wateja waliopita kuchungulia rangi ikikauka. Nawaheshimu wote, ila msimamo wangu ni mwingine: mpiga picha wa harusi anahitaji studio ili atunze picha za watu, na shilingi ya kwanza ya ukarabati iende huko.

Harusi zetu hazifanyiki studio. Kicheni pati iko ukumbini, sendofu iko ukumbini, ndoa iko kanisani, msikitini au nyumbani kwa bibi harusi, kisha msafara na matarumbeta hadi ufukweni kwa picha. Siku hizo zote mlango wa studio umefungwa. Studio inafanya kazi kabla na baada: kikao na maharusi kabla, na baada yake ile kazi ndefu ya kuchagua, kuediti, kuchapisha na kuhifadhi. Kamera ya megapikseli 24 hutoa faili ghafi la kama MB 25 hadi 30, kwa hiyo picha 3,000 za harusi ya siku mbili hukaribia GB 80 kabla hujagusa video. Zidisha kwa msimu mzima, uone mzigo uliokabidhiwa.

Na watu hurudi. Bibi harusi huchukua picha zake, huzirusha mitandaoni, halafu simu huibiwa au kompyuta hufa. Miaka inapita. Usiku mmoja dada yake anapiga simu: mzee amefariki, hatuna picha yake nzuri, ile ya siku alipomkabidhi binti yake bado unayo? Nyingi ya picha ninazoziona zikibebwa mbele ya jeneza zilipigwa harusini, kwa sababu harusini ndipo baba alipovaa suti na kukubali kusimama mbele ya kamera. Wawili waliooana ndio waliolipia, lakini ile picha ni ya ukoo. Nikiwajibu wafiwa kwamba diski iliungua, nimewanyima kitu kisichouzwa dukani.

Zanzibar wana mfano ninaoupenda. Capital Art Studio ilifunguliwa Mji Mkongwe mwaka 1930 na Ranchhod Oza, na mwanawe Rohit akaiendeleza. Picha zake za nyeusi na nyeupe zinawaonyesha wajukuu Zanzibar ambayo hawakuiona. Mapazia na taa walizotumia wakati ule hakuna anayeyauliza. Studio ile imekuwa hazina kwa sababu kuna watu waliojali kwamba kazi zao zisipotee.

Pwani, adui wa kwanza wa kazi hiyo ni unyevu. Kuvu huota kwenye lenzi iliyoachwa gizani ndani ya begi, na ikishakula tabaka la juu la kioo hakuna fundi wa kulirudisha. Ndiyo maana kitu cha kwanza nilicholipia ni kabati lisiloingiza hewa, lenye mashine ndogo ya kukausha na kipimo, ninaloliweka kati ya asilimia 40 na 50 ya unyevu. Asiye na pesa ya kabati atumie boksi la plastiki lenye mfuniko wa kubana na vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu, mradi akumbuke kuvibadilisha au kuvikausha upya.

Ukuta wenyewe ulikuwa na ugonjwa huo huo. Fremu niliyopata Magomeni ilikuwa inapandisha maji kutoka chini, plasta inamomonyoka ukiigusa. Fundi alitaka kupiga skimu na rangi juu yake, tumalize. Nilimwomba abandue plasta hadi usawa wa kiuno, apake dawa ya kuzuia maji, apige plasta mpya, tuiache ikauke kabisa. Muda tulikuwa nao. Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu iliangukia 18 Februari na Ramadhani ikaanza wiki hiyo hiyo, kwa hiyo Wakristo na Waislamu walipumzisha harusi kwa pamoja. Kipindi kama hicho ni kigumu kwa mpiga picha, kodi inaendelea na simu haiiti. Ila kwa ukarabati hakuna kipindi bora.

Baada ya ukuta, waya. Fremu nyingi zimeungwa umeme wa taa mbili na redio, halafu sisi tunaingia na flashi, kompyuta, printa na kiyoyozi. Muite fundi umeme mwenye leseni, mwambie mzigo wako wote, atenganishe laini ya kompyuta na ya kiyoyozi, ahakikishe waya wa ardhini umefika ardhini kweli. Weka UPS, kifaa cha kushikilia umeme unapokatika, kwenye kompyuta na diski. Nakala ziwe tatu, kwenye aina mbili za hifadhi, na moja isilale kwenye jengo hilo. Mpiga picha mwenye nakala zote kwenye droo moja ameiweka kazi ya mteja rehani kwa droo hiyo.

Kuna jambo jingine la ujenzi ambalo sijawahi kulisikia likizungumzwa kwenye vikao vyetu, nalo ni mlango. Mimi ni mwanamke, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni shughuli za wanawake: kicheni pati, hina, singo. Humo ndani mama wa watu amevua ushungi, anacheza na mashoga zake kwa furaha yake, akiamini kwamba anayemwona ni mimi tu. Picha zile siwezi kuziediti kwenye kioo kinachotazama barabarani, huku mpita njia anasubiri picha ya pasipoti na kutazama. Kwa hiyo nimejengewa kijichumba cha gypsum chenye mlango na kufuli, na kompyuta imegeuzia mgongo mlango huo. Picha za shughuli hizo haziendi mtandaoni wala kwenye sampuli za kuonyesha wateja, hata kama ndizo nzuri kuliko zote. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini amana hii tumeijua kabla ya sheria hiyo. Kijichumba kile kilinigharimu kuliko ukuta wowote wa maua, na wanawake huelekezana kwangu kwa sababu yake.

Vingine nitavipitia haraka. Rangi ya ukuta na dari iwe nyeupe au kijivu isiyong'aa. Ukuta wa kijani au pinki hurudisha rangi yake usoni kwa mtu na utaihangaikia kwenye kompyuta. Balbu zote ziwe za aina moja. Na kabla hujalipa kodi, nenda na futi: kumpiga mtu mzima wima, kichwa hadi viatu, kwa lenzi ya mm 85 kwenye kamera ya sensa kubwa unahitaji zaidi ya mita tano kati yenu, bado nafasi ya nyuma yake. Fremu ya mita sita inakulazimisha kwenye lenzi ya mm 50, inayohitaji umbali mdogo.

Wenzangu wananiuliza pesa itatoka wapi, na swali ni la haki. Vijana wengi hodari wanafanya kazi kutoka chumbani kwao, ukurasa wao wa Instagram ndio studio, na kodi ya miezi sita mbele wameigeuza kuwa lenzi. Siwabezi. Tatizo naliona kwenye namna tunavyolipwa. Kamati ya harusi inapokaa vikao, ukumbi, chakula na mapambo vinalipwa kwanza, sisi tunapewa kianzio na ahadi. Harusi ikipita, kinafuata kikao cha kuvunja kamati, na kamati ikishavunjwa hakuna tena mwenyekiti wala mweka hazina wa kudai. Unabaki unawapigia maharusi waliorudi kutoka fungate na madeni yao. Mtu anayelipwa hivyo atanunua diski ya tatu kwa pesa gani?

Ndiyo maana mkataba wangu unataka malipo yote kabla ya siku ya harusi, na una mstari wa kuhifadhi picha kwa miaka kumi, wenye bei yake. Baadhi ya wenyeviti wanaukata mstari huo wanapopunguza bajeti. Naomba wasiukate. Naomba pia waongeze albamu mbili ndogo zilizochapishwa, moja ya nyumbani kwa kina bibi harusi na moja ya kwa kina bwana harusi, kwa sababu wazee wengi hawatafungua linki tunazowatumia watoto wao. Kwa harusi yenye ukumbi wa watu mia tatu, albamu hizo ni gharama ya sahani chache za chakula.