Folda ya Pamoja Isiyo na Mwenyewe

Karibu kila ofisi ndogo niliyoitwa kuhudumia kompyuta ina folda moja kwenye seva, yaani kompyuta kuu inayotunza mafaili ya wote, ambayo yeyote anaifungua, anaandika na kufuta atakacho. Humo utakuta mishahara ya wafanyakazi, picha za send-off ya mtu aliyekwishaacha kazi zamani, barua ya mkurugenzi kwenda benki, na msururu wa bajeti, ya mwisho ikiitwa "bajeti mpya mwisho kabisa 2". Uliza nani aliiacha wazi hivyo. Utaambiwa fundi, kwa sababu watu walikuwa wanalalamika.

Fundi namwelewa. Tuchukue Samba, programu ya bure aliyoianzisha Andrew Tridgell huko Australia mwanzoni mwa miaka ya 1990, inayoiwezesha seva yenye mfumo endeshi wa Linux kuhudumia kompyuta za Windows. Ruhusa zake zinapitia sehemu mbili: kwanza mipangilio ya Samba yenyewe, halafu ruhusa za folda ndani ya Linux. Ni mambo ya nyumba ya kupanga: ufunguo wa geti haufungui chumba. Fundi anaandika kwenye smb.conf, faili ya mipangilio ya Samba, kwamba folda inaandikika, lakini kwenye diski folda bado ni ya root, mtumiaji mkuu wa Linux. Mhasibu anakataliwa kuhifadhi faili, anapiga simu, na ni saa kumi na moja jioni. Fundi anaandika chmod 777, amri inayomruhusu kila mtu kufanya lolote kwenye folda, kelele zinaisha, kila mtu anakwenda nyumbani.

Kesho yake yanakuja malalamiko mengine: faili aliyoitengeneza Asha, mwenzake akiifungua inasomeka tu, haihaririki. Hapa wengi hudhani seva imeharibika. Ukweli ni kwamba Samba, usipoielekeza vinginevyo, inawekea faili mpya kikomo cha 0744, yaani mwenye faili anaandika, wengine wanasoma. Dawa yake haihitaji 777. Tengeneza kikundi cha uhasibu, kikabidhi folda hiyo, ipe folda ruhusa 2770 ili wenye kikundi tu waingie na kuandika, na kila kinachozaliwa ndani kirithi kikundi hichohicho, kisha kwenye smb.conf weka create mask 0660 (kikomo cha faili mpya) na directory mask 2770 (kikomo cha folda mpya). Basi. Walio kwenye kikundi wanafanya kazi pamoja, aliye nje haingii. (Na ukimwongeza mtu kwenye kikundi, mwambie atoke aingie upya kwenye kompyuta yake kabla hujaanza kuhangaika na seva.)

Kwa hiyo upande wa ufundi ni mdogo. Kinachoshinda ofisi nyingi ni swali ambalo fundi hana mamlaka ya kulijibu: folda hii ni ya nani? Nani aone mishahara? Nani afute mkataba? Maswali hayo ni ya mhasibu mkuu, ya afisa utumishi, ya mkurugenzi. Wao wakinyamaza, kijana wa TEHAMA anayajibu peke yake, na jibu lisilomgombanisha na mtu ni kufungua kila kitu.

Utetezi ninaousikia sana ni huu: "Sisi tuko wachache, tunaaminiana." Sawa, ila virusi havijui kuaminiana. Programu hasidi ikiingia kwenye kompyuta ya mapokezi, inafunga kila faili ambayo mtumiaji wa mapokezi anaweza kuiandika, pamoja na zile za kwenye seva. Mei 2017 WannaCry, programu hasidi ya aina hiyo inayofunga mafaili na kudai fidia, ilisambaa duniani kupitia SMB1, toleo kongwe la itifaki (lugha ya mawasiliano ya kompyuta) hiihii ya kushirikiana mafaili ambayo Samba inaitumia, wakati Microsoft ilishatoa kiraka, yaani marekebisho ya kuziba pengo hilo, tangu Machi. Ndiyo maana nasema, hata kama bosi ataninunia, mkurugenzi apewe kusoma kila kitu ikibidi, lakini kuandika apewe pale anapofanyia kazi tu. Isitoshe, nenosiri la bosi mara nyingi analijua katibu muhtasi, dereva, na mtoto wake anayekuja ofisini wakati wa likizo.

Tena kuaminiana huko hukoma siku faili inapopotea. Kama wote mnaingia kwa jina moja la mtumiaji, tuseme "ofisi", hata ukiwasha full_audit, moduli ya Samba inayoandika nani kafuta nini, itakuambia aliyefuta ni "ofisi". Asiye na kosa hana pa kujitetea. Na kwa Tanzania sasa ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mafaili ya utumishi yenye taarifa za afya za watu, yakiwa wazi kwa kila anayechomeka waya wa mtandao, hayawezi kuitwa mambo ya ndani ya ofisi tena.

Siku hizi, kabla sijagusa seva ya mtu, naomba karatasi moja: jina la folda, mwenye folda, wanaosoma, wanaoandika. Majina ya vikundi, si ya watu, ili mtu akihama idara atolewe kwenye kikundi kimoja na kuingizwa kingine bila kupekua folda zote. Kila mkuu wa idara anasaini mstari wake. Folda ambayo haijasainiwa inabaki imefungwa, na anayekuja kulalamika namwelekeza kwa mkuu wake, si kwangu.