Kanisa Lilijengwa na Walioanguka Pia

Wahubiri wengi wakitusimulia habari za Wakristo wa kwanza, tunasikia za mashahidi tu, waliokubali kuuawa kwa ajili ya imani, wakiingia uwanjani huku wanaimba. Nawaheshimu mashahidi hao kwa moyo wote. Lakini siamini kwamba Kanisa lingefika mwaka 313, makaisari Constantine na Licinius walipolipatia uhuru, kama lingetegemea mashujaa peke yao.

Chukueni mwaka 250. Kaisari Decius alikuwa ameamuru wakazi wa dola yake ya Roma waitolee miungu sadaka. Ukishatoa, unapewa cheti. Vyeti zaidi ya 40 vimepatikana Misri, vimeandikwa kwenye mafunjo. Kimoja ni cha Aurelius Diogenes, mzee wa miaka 72 mwenye kovu kwenye nyusi ya kulia. Anaeleza kwamba ameitolea miungu sadaka siku zote, na kwamba sasa, mbele ya wakaguzi, amemimina kinywaji na kuonja nyama ya sadaka, anaomba wamthibitishie. Hiyo ni serikali inayoandika mpaka kovu lako!

Wakristo wengi walishindwa. Cyprian, askofu wa Carthage, mji wa Afrika Kaskazini, aliandika kwa uchungu kwamba waumini wake walikimbilia madhabahuni kabla hata ya kukamatwa, na wengine, giza lilipoingia, waliwasihi maofisa wasiwaambie warudi kesho. Wenye fedha walinunua cheti bila kutoa sadaka. Cyprian mwenyewe alijificha.

Mateso yalipopoa mwaka 251, walioanguka wakaja kubisha hodi Kanisani wakilia. Huko Roma, kasisi Novatian alishikilia kwamba aliyekana imani asirudishwe kamwe. Maaskofu wa Afrika wakakaa sinodi Carthage, wakakubaliana: walionunua vyeti wasikilizwe mmoja mmoja na kupokewa, waliotoa sadaka wafanye toba ndefu. Muda si mrefu, mateso mapya yaliponukia, wakawapokea wote waliokuwa katika toba. Kwangu mimi, uamuzi huo una uzito kuliko amri yoyote ya Kaisari. Tauni ilipoingia Carthage miaka hiyohiyo, Cyprian aliwataka waumini wawahudumie hata wapagani. Kanisa lililokwisha kuwafukuza wadhaifu lingebaki na mikono mingapi ya kuwahudumia wagonjwa? Na askofu yule aliyejificha alikatwa kichwa tarehe 14 Septemba 258, safari hii bila kukimbia.

Najua kuna watakaonitajia Wadonati, waliokataa viongozi waliosalimisha Maandiko wakati wa mateso ya Kaisari Diocletian, na ambao karne ya 4 walijaa Afrika Kaskazini. Ni kweli, walikuwa wengi, na walimwita Cyprian baba yao. Ila nje ya Afrika hawakuota mizizi, ukiacha kikundi kidogo pale Roma. Kanisa lililovuka mipaka ni lile lililokubali kukaa meza moja na watu waliowahi kukana.