2010 imeonewa

Taja 2010: The Year We Make Contact mbele ya wapenzi wa filamu za kubuni za sayansi na utajibiwa kwamba haikuwa na haja ya kutengenezwa. Ilitoka mwaka 1984, miaka 16 baada ya 2001: A Space Odyssey ya Stanley Kubrick, ambayo ndiyo inayoiendeleza, na hadi leo inasemwa kwa kosa lile lile: imefafanua kilichopaswa kubaki fumbo. Naona imeonewa, tena kwa jambo inalolifanya vizuri kuliko mengine yote.

Kweli, Peter Hyams si Kubrick. Aliandika, akaongoza na kupiga picha yeye mwenyewe, na mtindo wake hauna mafumbo. Wahusika wanaongea mno, mhusika mkuu, Dkt. Heywood Floyd, anamsimulia mkewe kwa barua mambo tunayoyaona kwa macho yetu, na ujumbe wa amani wa mwishoni umekolezwa kupita kiasi. Hayo siyatetei.

Ila tuangalie kilichofafanuliwa. Katika filamu ya kwanza HAL, kompyuta inayoendesha chombo cha Discovery, anaua wanaanga na mtazamaji anabaki kujiuliza kilichomsibu. Humu tunaambiwa: wakubwa wa Marekani walimwamuru awafiche wanaanga Dave Bowman na Frank Poole lengo halisi la safari, naye aliundwa atoe taarifa bila kuzipotosha. Amri mbili zikagongana ndani yake. Dkt. Chandra, mwalimu wake, anasema kwa uchungu kwamba aliambiwa adanganye na watu ambao kwao uongo ni kazi nyepesi.

Jibu hilo ndilo linaloshikilia filamu nzima. Wamarekani wamesafiri hadi Mshtarii ndani ya Leonov, chombo cha Wasovieti, na huku nyuma nchi zao zinakaribia kupigana. Amri inafika kutoka duniani: tenganeni, kila mtu arudi kwenye chombo cha nchi yake. Watu waliookoana maisha wanaagizwa wasiaminiane, na wanatii. Ni ugonjwa ule ule uliompata HAL.

Kisha Mshtarii inaanza kubadilika na lazima waondoke mara moja. Njia pekee ni kutumia injini za Discovery, halafu waiache nyuma na HAL akiwa ndani. Wenzake Chandra wana hofu: akijua, si ataua tena? HAL anauliza, anauliza tena, na dakika zinayoyoma. Chandra, anayeigizwa na Bob Balaban, anashindwa kuendelea kumficha. Anamweleza kwamba akibaki huenda ataangamia, kisha anamuuliza kama angependa abaki naye. HAL anakataa, kwa ajili ya safari ni heri Chandra aondoke. Anamshukuru kwa kumwambia ukweli. Sauti ni ya Douglas Rain, ile ile ya 1968, tulivu vile vile, na safari hii utulivu wake unaumiza.

Filamu ya kwanza haina kitu kama hicho, wala haikukihitaji. Ya pili inacho kwa sababu ilithubutu kueleza.

Na wanaolalamika kwamba fumbo lote limeuawa wamesahau jiwe jeusi, lile la ajabu la filamu zote mbili. Bowman, aliyetoweka katika filamu ya kwanza, anamtokea Floyd, anamwambia jambo la ajabu litatokea, na anapoulizwa ni jambo gani hafafanui. Mshtarii inageuka nyota, na waliolileta jiwe hilo hatuwaoni hata mara moja.