Siku Niliyoitoza Faini Kibirizi Nzima

Kwa kuwa rafiki yangu mmoja, dereva wa bodaboda ambaye siku hiyo nilimwomba atusubiri dakika kumi tu, amekwisha kusambaza ujumbe wa sauti katika makundi yote ya WhatsApp niliyomo na mengine nisiyomo, naona heri niandike mwenyewe yaliyotokea Kibirizi, mwalo wa wavuvi hapa Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, Alhamisi iliyopita. Anadai kwamba wanaume kumi na watano walijitosa ziwani. Huo ni uongo. Aliyejitosa ni mmoja. Wa pili aliteleza.

Mnaonifuata hapa siku nyingi mnajua kwamba kila jioni hufundisha Kiingereza watu wazima wa hapa Kigoma mjini, na mnajua pia, maana sijawahi kuwaficha, jinsi ninavyojisifu kwa kazi hiyo. Kwa hiyo alipofika mama mmoja wa makamo kutoka Uskoti, aliyetaka kupaona pale Ujiji ambapo Stanley alimkuta Livingstone, mtu wa kwao, mwaka 1871, na mwenyeji wake akaamka na homa, nilikubali kuwa mkalimani kabla ombi halijamalizika kutolewa.

Dalili za msiba zilianza asubuhi hiyohiyo. Muuza kahawa wa Ujiji alimkaribisha kikombe cha pili, mgeni akatabasamu na kusema "I'm fine," nami nikamwambia muuzaji kwamba mama anasema yuko vizuri, amwongeze. Alimwongezea. Alipokaribishwa cha tatu alijibu vilevile, nami nikatafsiri vilevile. Mama wa watu alikunywa vikombe vitano vya kahawa chungu, kashata ikiwa imekwisha, kwa sababu tu hakuna aliyemwambia kwamba mkalimani wake hajui kuwa neno hilo, mtu anapokaribishwa chakula au kinywaji, mara nyingi maana yake ni "asante, nimetosheka."

Kibirizi tulifika saa tisa alasiri. Mgeni huyu, nyumbani kwake, hufuma sweta kwa mkono, na pengine ndiyo sababu hakulitazama ziwa wala milima ya Kongo inayoonekana ng'ambo, bali alikwenda moja kwa moja kwenye wavu wa dagaa uliokuwa umeanikwa juu ya mtumbwi. Akaushika. Akaupitisha taratibu kati ya vidole viwili, kama mtu anayekagua kanga dukani kabla ya kutaja bei. Kisha akalivuta tundu moja la wavu na kujaribu kupenyeza kidole chake cha mwisho, kidole chembamba kabisa, nacho hakikupita. Mnaoishi kandokando ya ziwa mnaelewa mara moja maana ya mgeni asiyejulikana kupima tundu la wavu kwa kidole. Watu hawa hawajasahau kwamba mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa ziwani kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, na hata mwenye wavu halali hujikuna anapoona mtu akihesabu matundu. Mazungumzo yalipungua. Kijana aliyekuwa akishona wavu wa pili aliiacha sindano ikining'inia.

Mgeni akatikisa kichwa kwa mshangao na kutamka, "Very fine."

"Anasemaje, mwalimu?" akauliza mzee mwenye wavu.

Hapa nawaombeni mnivumilie, kwa sababu nimeurudia wakati huu kichwani mwangu mara nyingi kuliko nilivyowahi kurudia somo lolote. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kumwomba mgeni aseme tena. Badala yake nilikohoa kidogo, nikarekebisha kola, nikapandisha sauti ili hata wale wa mitumbwi ya mbali wafaidi, nikasema:

"Anasema wavu huu una faini kubwa."

Kimya kilichofuata kilikuwa cha namna ambayo ungeweza kusikia dagaa wakikauka.

"Faini kiasi gani?" mzee akauliza kwa sauti ndogo.

Nikamgeukia mgeni, nikamuuliza kwa Kiingereza ni fine kiasi gani. Naye, akidhani nauliza udogo wa tundu, akakunja jicho moja, akapima kwa ukucha, akajibu kwamba ni kama sita hivi. Alikusudia milimita.

"Sita," nikatangaza.

"Laki sita?" akauliza kijana wa sindano.

"Milioni," akajibu mwingine ambaye hakuna aliyemuuliza.

Basi mwalo ukavurugika. Mtumbwi ulisukumwa majini ukiwa hauna kasia, ndipo yule mmoja akajitosa kuufuata akiwa na suruali na simu mfukoni. Nyavu zilikunjwa kwa kasi ambayo sijaiona hata mvua inapokaribia. Mama mmoja aliyekuwa akigeuza dagaa aliuburuta wavu uliobaki, akaukalia, akatandaza kitenge chake pande zote mbili, akaanza kuimba kwa sauti ya chini huku akitazama mbinguni. Mgeni alishangaa, akaniuliza, "Is everything fine?" Nami, nikiwa bado ninajiamini, nikawatafsiria:

"Anasema kila kitu kina faini."

Yule mama akaacha kuimba. "Hata kukaa?"

Aliyeniokoa ni huyuhuyu anayenitangaza leo. Yeye hajawahi kukanyaga darasa langu, ila amewabeba watalii wengi wanaokuja Kibirizi kupanda boti za Gombe, na alisogea akaninong'oneza, kwa sauti ambayo mwalo mzima uliisikia: "Mwalimu, anausifia wavu. Anasema matundu ni madogo, umefumwa kwa ustadi." Kilichoniuma zaidi ni kwamba Jumanne nilikuwa nimeandika ubaoni, kwa mkono wangu, kwamba fine ya kutozwa ni nomino, hutanguliwa na kiambatisho chake "a," na kwamba "very" hutangulia sifa wala haitangulii faini ya mtu yeyote. Usiku nilifungua kamusi kutafuta wa kumlaumu, nikakuta maneno yote mawili, la sifa na la adhabu, asili yake ni moja, finis ya Kilatini, yaani "mwisho": sifa ni ile iliyofika ukomo wa ubora, na faini ni malipo ya kumaliza shauri. Kiswahili kikachukua la adhabu tu, nami nikalisadiki. Mkazi wa Kigoma, mwisho wa reli, nikashindwa kulitambua neno lenye maana ya mwisho.

Mengine hayana urefu. Niliomba radhi, nilinunua sado mbili za dagaa waliokanyagwa mchangani, simu ya aliyejitosa iko kwenye mchele, na mgeni alipoelezwa alicheka hadi akaomba mahali pa kukaa. Mama wa kitenge akamsogezea nafasi palepale juu ya wavu.

Jana jioni niliingia darasani na kuwauliza wanafunzi hali zao kwa Kiingereza, kama kawaida. Hakuna aliyejibu. Mwishowe mwanafunzi mmoja wa kiti cha nyuma, mama anayeuza vitenge sokoni, akanyosha mkono kwa adabu.

"Samahani, mwalimu. Tukijibu, tunalipia wapi?"